UZI: Kununua semi moja na kuiendesha mwenyewe Dar–Tunduma–Kongo, hesabu za kupiga kabla hujauza kiwanja

#1 (mleta uzi)

Wakuu kwema? Kila nikiingia humu nakuta mtu anauliza "nina hela kadhaa nataka kuingia kwenye malori" halafu anajibiwa na watu ambao hata mzani wa malori wa Vigwaza wanausikia tu redioni. Mimi nina gari moja, naliendesha mwenyewe, njia yangu kubwa ni Dar kwenda Lubumbashi na Likasi, mara moja moja naishia Lusaka. Kabla ya hapo nimeendesha magari ya watu miaka mingi. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite.

Naanza na lile watu hawapendi kulisikia. Bei ya gari sio mtaji. Mtaji ni ile hela inayobaki baada ya gari kufika, kusajiliwa, kukatiwa bima na kufungwa tela. Wengi wanauza kila kitu wanapata kichwa na tela, gari linang'aa pale uani, mfukoni hamna kitu. Huyo bado hajaanza biashara, huyo ana chuma tu.

Piga hesabu uone. Dar mpaka Tunduma ni km 900 na kitu, Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, mpaka Kapiri Mposhi kama 800 tena, unapita Ndola, Kitwe, Chingola mpaka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ukivuka hapo Lubumbashi haifiki km 100. Kwa hiyo ni km 2,000 hivi kwenda tu. Gari lenye mzigo kamili linakula lita moja kwa km 2, ukiwa mpole wa mguu unapata 2 na kidogo. Mzunguko mzima weka lita 1,800 mpaka 2,000. Sasa chukua bei ya dizeli ya EWURA (mamlaka ya nishati), ile wanayotangaza jumatano ya kwanza ya mwezi, uzidishe. Ushashtuka? Bado hujalipa ushuru wa barabara Zambia, tollgate zao, yellow card ya COMESA (bima ya nje ya nchi), vitu vya upande wa Kongo, parking, chakula, hela ya tandiboi (msaidizi wako wa gari), na tairi ikipasuka Mpika huko usiku.

Mteja anakulipaje? Wengi wanatoa advansi ukipakia, nusu au zaidi kidogo, balansi mpaka urudishe karatasi zilizogongwa muhuri kule ulikoshusha. Na ukirudisha karatasi sio kwamba unalipwa siku hiyo, unaambiwa siku 30, zinakua 45, zinakua 60, mhasibu kasafiri, mhasibu anaumwa. Wewe huku umesharudi Dar, gari zima, mzigo mwingine umepatikana, hela ya mafuta huna. Hapo ndo gari za watu zinapofia, sio mlima Kitonga. Unaanza kuchagua mzigo kwa ukubwa wa advansi badala ya kuangalia bei yenyewe, unakubali bei ya hasara ili mradi upate mafuta ya kuondoka, safari inayofuata shimo linaongezeka. Service unairuka. Tairi za vipara unaenda nazo hivyo hivyo. Nimeona magari mazuri kabisa yameuzwa kwa bei ya kutupa na mwenye gari bado anadai watu hela nyingi tu.

Ushauri wangu: kama hela yako inatosha gari la bei fulani, nunua la chini ya hapo, ubaki na pesa ya kuzungusha mizunguko miwili kamili bila kutegemea balansi ya mtu, pamoja na hela ya tairi. Semi ya kawaida ina tairi 22, mbili mbele, nane za hosi (kichwa) nyuma, kumi na mbili za tela, na haziishi zote siku moja ila zikianza zinafuatana.

Mzani sasa. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ni ya 2016, kwetu ilianza kutumika Machi 2019. Ekseli ya mbele tani 8, zile mbili za nyuma za hosi zenye tairi nane tani 18, tela la ekseli tatu lenye tairi 12 tani 24. Jumla 50. Ile 56 mnayoisikia ni ya gari la ekseli saba na kuendelea, usije ukadanganywa na dalali. Kichwa na tela vitupu vinakula tani 16 mpaka 18 humo, kwa hiyo mzigo wako halisi ni tani 32 mpaka 34. Mteja akikwambia beba 36 "wenzio wanabeba", mwambie akabebe nao. Tena hata jumla ikiwa sawa ekseli moja inaweza kukukataa, hasa kontena ambalo aliyelijaza kasukuma vitu vizito vyote upande mmoja. Ukitoka bandarini ukagundua Vigwaza ni afadhali, ukipita kimiujiza ukakamatwa Mikese, Makambako au Mpemba faini ni yako na kupanga upya mzigo ni juu yako.

Na sasa kuendesha mwenyewe, maana ndo sababu ya uzi. Faida yake kila mtu anaijua: mafuta hayanyonywi, tairi mpya haibadilishwi njiani, gari linaendeshwa kiutu uzima. Hasara yake haisemwi. Ukiwa barabarani siku nyingi, haupo Dar kutafuta mzigo. Mizigo mizuri inagawiwa kwa simu na kwa watu kujuana, ajenti anapiga "gari lipo?", ukimjibu nipo Serenje narudi kesho kutwa, kashampa mwingine. Kwa hiyo mwenye gari moja anayeendesha mwenyewe anaishia kwa madalali wawili watatu, mzigo unapokufikia bei yake imeshakatwa mara mbili. Hili sijaona mtu akilipigia hesabu.

Karibuni kwa maswali, nikipata mtandao nitajibu.

#2

Mkuu uzi wa maana sana huu. Swali, kati ya Howo jipya la mkopo na Scania au DAF used ya UK ipi kwa mtu wa gari moja? Na single difu au dabo?

#3 (mleta uzi)

Mkuu #2, mkopo kwa gari moja mimi nauogopa. Mwenye magari kumi moja likikaa foleni Kasumbalesa wiki, tisa yanalipa rejesho. Wewe lako likikaa ndo umekaa wewe, na tarehe ya rejesho haisogei.

Scania ya UK fundi wake yupo kila mahali, Chalinze yupo, Mafinga yupo, mpaka Chingola utampata, na spea used zimejaa Dar. Howo spea zake ni bei rahisi ila utazinunua mara nyingi. Hiyo ni kauli yangu, wenye Howo watanirushia mawe, sawa tu.

Dabo difu (ekseli zote mbili za nyuma zinasukuma) chukua kama unalenga Kongo. Masika ukitoka lami kwenda kushusha migodini single inakuacha kwenye tope. Halafu hizi za UK nyingi zinakuja na ekseli ya nyuma yenye tairi mbili badala ya nne, na mzani unairuhusu uzito mdogo kuliko ya tairi nne. Mtu ananunua kwa picha, anakuja kugundua kapunguziwa mzigo maisha yote ya gari.

#4

Kila uzi wa malori lazima dereva aitwe mwizi. Mimi ni dereva wa kuajiriwa na nataka niseme kitu. Bosi anakupa posho ya siku kumi, gari linakaa mpakani siku nane peke yake, simu hapokei, tandiboi anakuangalia wewe, ule nini? Unadhani yale mafuta yanauzwa kwa raha? Mleta uzi wewe umeendesha za watu unajua. Sitetei wizi ila mabosi wanaotoa posho kwa umbali badala ya siku wanautengeneza wenyewe huo wizi.

#5 (mleta uzi)

#4 kaka hapo huna kosa, nakubali. Na ndo maana siku nikiongeza gari la pili posho itakua ya siku, full stop.

#6

Naomba nichangie kama mwanamke, maana humu naona mnaongea kama biashara hii ni ya wanaume tu. Kwetu mume wangu anaendesha, mimi nashika simu na karatasi. Alichosema mleta uzi kuhusu kukosa mizigo ukiwa njiani ni kweli kabisa na sisi tulikitatua hivyo. Nashinda kwa maajenti, nina namba za watu wa mizigo, gari likiwa bado lipo Tunduma linarudi mimi nimeshafunga mzigo unaofuata. Asiye na mke au mdogo wake wa kumuamini aangalie kupaki gari chini ya kampuni kubwa, wapo wanaochukua magari ya watu wanakata asilimia yao. Bei inashuka, ila mzigo upo na unalipwa kwa tarehe. Mwaka wa kwanza sio vibaya.

Sasa nawapa ya ofisini ambayo wanaume wanayaruka.

Moja ni kontena. Mzigo wa kontena kwenda Kongo una maana lile kontena tupu lirudi Dar kwa wenye meli ndani ya siku walizotoa, zikipita kila siku ni dola. Kama kwenye makubaliano haijaandikwa nani analipa mkicheleweshwa mpakani au kwa mteja, utalipa wewe. Tena ukirudi na kontena tupu mgongoni mzigo wa kurudi unakua wa kubahatisha. Mzigo wa mifuko au kichele (usiofungwa) hauna hayo mambo lakini una shoti. Salfa, mbolea, ukipakia kiasi fulani kule mzani wao ukasoma pungufu, unakatwa kwenye balansi, na mzani wao ndo unaoaminiwa. Sisi tunapiga picha kila karatasi ya mzani kuanzia bandarini, dereva anatuma WhatsApp hapo hapo. Imetuokoa.

Kingine bima. Yellow card ni ya kumlipa mtu wa tatu uliyemgonga nje ya nchi, haina habari na mzigo uliobeba wala gari lako. Mzigo una bima yake. Ukibeba shaba ya watu bila bima ya mzigo hiyo sio kazi, unacheza kamari na nyumba yako.

Na karatasi jamani: leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), kibali cha forodha cha kubeba mizigo ya transit pamoja na yale maandishi ya TRANSIT GOODS ubavuni, kadi ya homa ya manjano ya dereva, pasi isiyokaribia kuisha. Gari limerudishwa kwa sababu ya kimoja tu hapo.

#7

Dada #6 umemaliza, ungefungua uzi wako kabisa.

#8

Nawasoma nikiwa Ohio, Marekani. Huku Waswahili tumejaa kwenye malori, Wakongo, Wakenya, Watanzania, na kila mtu ndoto yake ni gari lake mwenyewe. Nimecheka maana ugonjwa ni ule ule. Huku kufungua ni rahisi sana, unaomba DOT namba (ya usajili wa malori) na ruhusa ya kubeba mizigo ya watu kwa FMCSA, mamlaka ya malori ya huku, ada dola 300, hata mtu wa jana anafungua. Kinachokaba ni bima. Sheria inataka bima ya dola 750,000 kima cha chini kwa mizigo ya kawaida, ila mabroka wengi hawakupi mzigo bila ya milioni moja na ya mzigo juu yake, na ukiwa mpya kampuni ya bima inakukamua mwaka mzima. Hapo kuna kodi ya barabara kuu dola 550 kwa mwaka kwa gari la zaidi ya paundi 75,000, kuna kodi ya mafuta ya kila jimbo unayowasilisha hesabu zake kila robo mwaka, kuna mashine inayohesabu masaa yako, huruhusiwi kuendesha zaidi ya masaa 11 kwa zamu.

Balansi pia tunacheleweshewa, siku 30 na zaidi, ndo maana watu wanauza invoisi zao kwa kampuni zinazolipa siku ile ile kwa kukata asilimia kadhaa. Bongo hiyo ingekuwepo kwa wadogo ingeokoa wengi.

Wengi huku tunaanza kama alivyosema dada, gari lako lakini chini ya namba na bima ya kampuni nyingine, ukishazoea unatoka.

#9

Mimi nawaza kinyume. Kwanini mtu aanzie Kongo? Tipa ya mchanga na kokoto hapa hapa mjini, jioni unalala kwako.

#10 (mleta uzi)

#9 tipa ni biashara nzuri na hela unaiona kila siku, sibishani. Ila kazi yake inategemea ujenzi, mvua ikikaza unakaa, na inakula springi na tairi za nyuma kuliko unavyodhani. Ni biashara nyingine, siijui vya kutosha kuwafundisha watu.

#8 asante kaka, hiyo ya kuuza invoisi ningeipata ningelala usingizi.

Sasa mzigo wa kurudi, nilikua sijaugusa. Hesabu ya Kongo inategemea kurudi na shaba. Kupanda unalipwa vizuri, lakini ukirudi tupu km 2,000 ile faida yote imeishia kwenye tenki. Shaba inapakiwa Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, na kampuni za migodi zinataka magari ya kampuni zinazozijua, sio mtu kaja na gari lake moja na tabasamu. Hapo ndo kuwa chini ya kampuni kunalipa hata kama wanakukata.

Halafu mjue hii njia inafungwa na mambo yasiyowahusu. Agosti 2024 Zambia na Kongo walivutana kuhusu bidhaa, Zambia ikafunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania siku chache. Ukiwa na mafuta ya kuhesabu na hela ya kula ya kuhesabu, siku chache hizo ni nyingi sana. Februari 2025 Kongo ikasimamisha kuuza kobalti nje, waliokua wanategemea kurudi na kobalti wakabaki wanaangaliana. Ndo maana nasisitiza hela ya pembeni mpaka mnanichoka.

#11

Vipi kuhusu reli mkuu? Nasikia TAZARA inafufuliwa, si malori yatakosa kazi?

#12 (mleta uzi)

TAZARA ina km 1,860 Dar mpaka Kapiri, Wachina waliijenga miaka ya 70 na 2025 wamesaini kuifufua kwa dola bilioni 1.4. Upande wa pili kuna reli ya Lobito inayopeleka shaba ya Kolwezi Angola, baharini kule magharibi. Zote zitakula mzigo wetu, sidanganyi mtu. Lakini TAZARA inaishia Kapiri, na mgodi hauko stesheni, na mwenye kontena moja hasubiri treni ijae. Nikiwa nanunua gari leo ningenunua kwa hesabu ya kurudisha hela miaka mitatu minne, sio kumi. Anayekupigia hesabu ya miaka kumi anakuuzia gari.

#13

Wakuu mimi ni mdogo kwenye hii game, nina leseni daraja E na nimepiga kozi, sijawahi kuvuka mpaka. Naweza kununua langu nikaanza moja kwa moja Kongo?

#14

Dogo usifanye hivyo nakuomba.

#15 (mleta uzi)

#13 mdogo wangu, endesha gari la mtu kwanza mwaka au miwili kwenye njia hiyo hiyo. Sio kwa ajili ya kujua kona, kona utazijua. Unaenda kujua watu. Ajenti gani wa Nakonde anamaliza karatasi zako siku hiyo hiyo na yupi anakuzungusha, wapi unapaki usiku ukaamka na tenki lina mafuta, fundi gani ukimpigia anakuja.

Barabara nayo ina yake. Mikumi una km 50 za hifadhi, mwendo unapimwa na mnyama ukimgonga una faini yake. Kitonga kupanda na mzigo sio shida sana, shida ni kuushuka umetoka Kongo na shaba, vile vipande vizito vya chini ambavyo vinataka kwenda mbele wewe ukifunga breki. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, mguu uwe mbali na breki, anayekupigia honi nyuma mwache apige. Ya Iwambi pale Mbeya nayo usiidharau, imeua watu wazoefu.

Na ukivuka Kasumbalesa unahamia kulia mwa barabara, gari letu usukani upo kulia pia, kwa hiyo umekaa upande wa mtaroni huoni mbele ukitaka kuovateki. Hapo tandiboi ndo macho yako. Chukua mwenye akili, asiyelala mchana, na mlipe vizuri.

#16

Mkuu umesema tubaki na hela ya mizunguko miwili na tairi. Kama haifiki? Ninayo ya mmoja na nusu hivi.

#17

#16 mzee anza na Tunduma tu. Kuna watu wanashushia pale pale au Mbeya, mzunguko ni mfupi, balansi inarudi haraka, pasi huihitaji. Bei yake ni ndogo lakini utajua gari lako linakula nini na lina ugonjwa gani ukiwa bado karibu na fundi wako.

#18 (mleta uzi)

#17 kasema sahihi, nakazia hapo. Mbeya, Tunduma, hata Makambako, piga miezi ya kwanza huko. Andika kila lita kwenye daftari, sio kichwani. Naona namba yangu ya kupakia imeitwa, maswali mengine dada #6 atawajibu vizuri kuliko mimi, nitarudi nikipata mtandao Nakonde.

#19

Dada #6 kama upo, hiyo kampuni inayochukua magari ya watu kwa asilimia, mkataba wao huwa unakaa muda gani, na mafuta wanatoa wao au wewe?

#20

#19 nipo, ni mimi wa #6. Mkataba wa kwetu ulikua wa miezi sita unaongezwa. Mafuta wanatoa wao kwenye sheli zao, wanayakata kwenye malipo kwa bei ambayo ipo juu kidogo ya sheli ya kawaida, kwa hiyo uliza hiyo bei kabla ya kusaini na iandikwe. Pia uliza gari likiharibika njiani mzigo wao unahamishwa na gari la nani na kwa gharama ya nani. Hicho kipengele cha pili kwetu hakikuwepo mwanzo, tukawaomba wakakiongeza, hawakukataa.